Ukumbi Mzima Uliniombea Dua

Kwa aliyeniacha njiani, nitamrudisha kwa maneno machache.

Mume wangu alikuwa fundi redio sokoni. Alikufa siku ile ya vurugu, siku ambayo watu waliosalimiana asubuhi walichomeana vibanda mchana, kwa uvumi ambao mpaka leo hakuna anayejua ulitoka kinywani mwa nani. Sisi ni watu wa kanisani. Aliyefungwa kwa kifo cha mume wangu ni kijana wa msikitini, fundi baiskeli ambaye mtaa mzima ulimwita Spoki. Mama yake ni mkunga. Ndiye aliyewapokea wanangu wote wawili walipokuja duniani.

Viongozi wa dini wakaunda Kamati ya Amani. Wanakusanya watu ukumbini, mchungaji anaomba, sheikh anaomba, halafu mimi na Mama Mkunga tunaitwa jukwaani tukumbatiane. Mjane na mama wa muuaji. Watu wanalia, wanapiga makofi, wanapiga picha.

Wiki jana niliwaacha tukiwa tumekumbatiana hivyo. Mdomo wake ulikuwa sikioni mwangu, na akaninong'oneza: "Mwanangu hakumuua mumeo. Muulize shemeji yako nani aliufunga ule mlango."

Makofi yalikuwa hayajaisha. Tuendelee.

Nilimfuata nyuma ya ukumbi, pale wanapopanga viti vya plastiki. Nilimbana mkono mpaka akakunja uso.

"Mama, umesema nini kule juu?"

"Umenisikia."

"Siku zote hizi tunakumbatiana, leo ndiyo unaniambia?"

"Siku zote hizi ulikuwa unanikumbatia kama gunia la mkaa, mwanangu. Mikono huku, moyo kule. Leo umenikumbatia kweli. Nikasema, huyu sasa atanisikia."

Nilitaka kumtukana. Nikajizuia, maana nyuma yake alikuwa amesimama shemeji.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu, tumbo moja. Ni mwalimu wa kwaya na ndiye katibu wa Kamati ya Amani. Tangu tuzike, ndiye mwanamume wa nyumba yetu. Mlango ukilegea, yeye. Mtoto akiugua, yeye. Hata viti vya ukumbini hubeba mwenyewe, na suti yake mwilini.

"Wamama wangu wa amani!" akasema, akicheka. "Mnateta nini huku?"

"Ananiuliza kama kikohozi cha mtoto kimeisha," nikasema.

"Kimeisha?"

"Kimeisha."

"Mungu ni mwema." Akabeba viti vyake, akaenda.

Mama Mkunga alimsindikiza kwa macho. Alipopotea akasema taratibu, "Kesho kutwa ni siku ya kuwaona wafungwa. Mimi nakwenda. Ukija, umekuja. Usipokuja, tutaendelea kukumbatiana."

Nilikwenda.

Nyumbani niliaga kwamba nafuata vifungo vya sare za shule, maana kazi yangu ni ushonaji. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Kwa nini waniulize? Sikuwa mtu wa kusema uongo.

Gerezani walitukagua mpaka kwenye nywele. Tukakalishwa kwenye benchi mbele ya wavu wa chuma. Upande wa pili akaletwa kijana.

Nilitegemea kumwona muuaji. Nilimwona mtu aliyekonda, shati linampwaya, meno ya mbele hana.

"Shikamoo, mama," akamwamkia mama yake. Akanigeukia. "Shikamoo, dada."

Sikuitikia.

"Sema," nikamwambia. "Nimekuja kusikia, sikuja kuamkiana."

Akamtazama mama yake. Mama akatikisa kichwa, kwamba aseme.

"Mumeo alikuwa ameficha watu ndani ya kibanda."

"Watu gani?"

"Yule mama muuza vitenge wa kibanda cha pili, na mtoto wake mchanga. Vijana wa upande wenu walikuwa wanamtafuta. Mumeo akamwingiza kwake, akaingia naye. Akampa mdogo wake kufuli na ufunguo, afunge kwa nje. Wakipita waone pamefungwa, waendelee na safari yao."

"Wewe umejuaje?"

"Yeye mwenyewe aliniambia. Nilisikia mtu anagonga ubao kwa ndani, nikasogea. Akapiga kelele, 'Mdogo wangu ana ufunguo, mwite!'"

Nikausogelea wavu.

"Nikazunguka mbele," akaendelea. "Shemeji yako alikuwepo, amesimama katikati ya wale vijana. Walishachoma kibanda cha vitenge, moto unahamia kwa mumeo. Nikamwambia, 'Fungua! Kaka yako yumo!' Akanitazama. Mkono wake ulikuwa mfukoni, dada. Haukutoka."

"Kwa nini asifungue? Kwa nini?"

"Angefungua, wangeona kaka yake amemficha nani. Wangemgeukia na yeye. Aliogopa." Akaangalia mikono yake. "Hata mimi niliogopa."

Alirudi nyuma ya kibanda na nondo, akavunja mbao. Akamtoa mama wa vitenge. Akamtoa mtoto. Mume wangu alikuwa wa mwisho, na boriti ikamwangukia kichwani kabla hajatoka. Spoki akamvuta hivyo hivyo. Polisi walimkuta amempakata, nondo pembeni, damu mpaka viwikoni. Mama wa vitenge alishakimbia na mtoto wake, na hajaonekana tena.

"Uongo," nikasema. Lakini sauti iliyotoka haikuwa ya mtu anayekanusha. Ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Mahakamani shemeji yako alisema aliniona nikimpiga. Mimi nikasema haya ninayokwambia. Jaji akaniuliza, 'Ndugu wa tumbo moja amwache nduguye aungue?' Watu wakaguna. Kama ungekuwepo, labda wewe ungeuliza kufuli lilikuwa wapi."

Sikuwepo. Wakati kesi inasikilizwa nilikuwa wodini, mimba ya marehemu inanitoka. Na nani alinipeleka hospitali, akanisihi nisijitese na mambo ya mahakama, yeye atayabeba yote?

Askari akagonga wavu. Muda umekwisha.

Spoki akainuka. Nikajikuta na mimi nimeinuka, vidole vyangu vimeng'ang'ania chuma.

"Alisema nini? Mwisho kabisa, alisema nini?"

"Aliniuliza, 'Mtoto ametoka?'"

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia ametoka."

Nilimjua mume wangu. Hakuna mtu angeweza kunitungia swali lile. Kama kuna aliyetaka kuniuzia mume wa uongo, angempa maneno makubwa, angemtaja Mungu, angenitaja mimi. Yule aliyeuliza habari za mtoto wa watu ndiye niliyelala naye miaka yote.

Niliporudi, mama mkwe alikuwa peke yake uani, anachambua mchele. Sikuvua hata viatu.

"Mama, siku ile mwanao alirudi na ufunguo?"

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Ufunguo gani?"

"Mama."

Kuku wakaanza kuudokoa mchele, na hakuwafukuza.

"Nilifua suruali yake," akasema hatimaye. "Nikaukuta mfukoni. Niliujua, si nilikuwa nauona kila siku kiunoni kwa kaka yake?"

"Ukaufanyaje?"

"Nikautupa chooni."

Msomaji, nimeshapigwa na mengi, na wewe umenifuata ukayaona. Lakini haya yalinikuta sijajiandaa. Nilimpenda yule mama. Nilipozika, alilala nami kitanda kimoja kama mtoto na mtoto.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilizaa wawili, mwanangu. Mmoja nimemzika. Nikisema, nitabaki na nani?"

"Na Mama Mkunga? Yeye alizaa wangapi?"

Aliweka ungo chini, akapiga magoti. Mama mzima, mvi kichwani, ananipigia magoti mimi mkwe wake uani, mchana kweupe.

"Mama, inuka! Unanitafutia laana!"

"Anapiga kelele usingizini. 'Nakuja kaka, nakuja.' Wewe huvisikii vilio vile, mimi navisikia. Hiyo Kamati ya Amani ndiyo inayomshikilia. Ukimwondolea, atajinyonga. Nakuomba, usinizikishe mara ya pili."

Nilimwinua, tukalia wote wawili. Lakini sikumwahidi kitu.

Kesho yake nilikwenda kwenye ofisi ya Kamati. Ni chumba kimoja nyuma ya shule, meza mbili zimeelekezana, moja ya mchungaji na nyingine ya sheikh. Wazee wale wanaheshimiana, lakini kwa ubishi wao hakuna wa kuwaweza. Mwanzoni waliwahi kushindana asubuhi nzima nani atangulie kuomba, mpaka wakatoa uamuzi wa kupeana zamu. Nilidhani siku hiyo watabishana. Nilidhani angalau mmoja atakuwa upande wangu.

Nikawaeleza yote. Mchungaji akavua miwani.

"Umemwambia nani mwingine?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Sijamwambia mtu."

"Afadhali."

Nikamgeukia sheikh. "Na wewe, sheikh? Kijana ni wako."

Alikuwa anatazama mezani. "Mama yake aliwahi kunieleza."

"Ulijua?"

"Nilisikia. Kusikia si kujua."

"Ukanyamaza!"

"Binti yangu," akasema, na macho aliyoniinulia yalikuwa mekundu, "vijana wangu wakiambiwa mwenzao anaoza gerezani kwa kosa la mwalimu wa kwaya, unadhani wataenda mahakamani? Wataenda na petroli. Maiti za siku ile niliziosha kwa mikono hii. Nyingine hazikuwa na pa kuoshea. Sitaki kuosha tena."

"Kwa hiyo Spoki ndiye dhabihu yenu?"

"Usiseme hivyo," mchungaji akaingilia. "Mkutano mkubwa ni Jumamosi. Wanakuja wageni, wanakuja wakubwa wa serikali. Acha upite. Baada ya hapo tutalishughulikia kwa hekima."

"Kwa hekima," sheikh akaitikia.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kuwaona wanakubaliana bila kupigiwa makofi. Na nilijua maana ya hekima yao. Jambo linafunikwa, linakaliwa juu, mpaka wanaolijua wafe mmoja mmoja.

Wakati natoka, nilimwacha mchungaji anatafuta namba kwenye simu yake. Sikulitilia maanani. Laiti ningejua.

Jumamosi ukumbi ulifurika. Ukutani walitundika kitambaa kikubwa kimeandikwa SISI NI NDUGU. Wanaume wa kofia na wanawake wa vilemba, wenye misalaba na wenye tasbihi, wamechanganywa kwa makusudi, kila kiti cha huyu kimefuatwa na cha yule. Mstari wa mbele walikaa wageni. Pembeni yao mama mkwe, katika gauni nililomshonea mwenyewe.

Shemeji aliongoza kwaya ya vijana wa dini zote mbili. Waliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Walikuwemo watoto wa watu waliochomewa na watoto wa watu waliochoma, na sauti zao ziliingiana mpaka ukashindwa kuzitenganisha. Palepale nikamwelewa sheikh, nikayumba. Nikajiuliza, mimi nani wa kulivunja hili?

Kisha nikasikia tunaitwa.

Mama Mkunga alipanda upande ule, mimi upande huu. Akafungua mikono. Mimi nikapiga moyo konde, nikachukua kipaza sauti.

"Leo sikumbatii mtu kabla sijasema," nikasema.

Ukumbi ukacheka kidogo. Walidhani ni utani wa jukwaani.

"Mume wangu hakuuawa na mtoto wa mama huyu. Mtoto wa mama huyu alivunja mbao ili amtoe. Mume wangu alikuwa amewaficha wenzetu wa msikitini, na mlango ulifungwa kwa nje. Mwenye ufunguo alisimama nje akimsikia kaka yake anagonga. Hakufungua. Halafu akaenda mahakamani akamfunga aliyetaka kuokoa. Yumo humu ndani. Amemaliza kuimba sasa hivi."

Hakuna aliyecheka tena.

Nilisikia viti vinasukumwa. Huku nyuma mtu akauliza kwa sauti, "Anamsema nani?" Mwingine akamjibu, "Si shemeji yake!" Vijana kadhaa wakasimama, wa kofia na wasio na kofia.

Nilitegemea shemeji akimbie, au anirukie. Akaja taratibu. Akanizungushia mkono begani kwa upole, akakitoa kipaza sauti mkononi mwangu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Ndugu zangu, mtuwie radhi," akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na yalikuwa machozi ya kweli. "Nilitamani jambo hili libaki nyumbani. Tangu kaka yangu afariki, na ile mimba iharibike, shemeji yangu anaumwa. Si ugonjwa wa kuonekana kwa macho. Anasikia sauti. Anaona watu. Juzi mama yangu mzazi, mzee kama mnavyomwona, alimpigia magoti uani akimsihi atulie. Mama, nasema uongo?"

Ukumbi mzima ukamgeukia mama mkwe.

Nilimtazama. Nilimtazama kwa macho yangu yote.

"Ni kweli," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, mgeni mmoja akamsogezea kipaza sauti, akarudia. "Ni kweli nilimpigia magoti."

Watu wakashusha pumzi. "Masikini," mwanamke mmoja akasema. "Masikini dada wa watu."

"Mchungaji," shemeji akaita, "sheikh, nawaomba. Tumwombee."

Mchungaji na sheikh wakatazamana. Msomaji, neno moja tu lilitosha. Mmoja wao angesema, "Hebu kwanza." Mmoja wao angekohoa tu.

Mchungaji akainua mkono. Watu wote wakasimama.

Aliniombea kwa ufasaha. Alimwomba Mungu aniponye, anitulize, aniondolee giza la akili. Akapokea sheikh. Sauti ya sheikh ilikatika katikati, akaifupisha dua yake, akashuka jukwaani bila kumtazama mtu. Lakini aliomba. Na ukumbi mzima, waliovaa misalaba na walioshika tasbihi, wakaitikia kwa pamoja, "Amina." Sijawahi kuona dini mbili zikiungana vile.

Mtu mmoja hakuitikia. Mama Mkunga alikuwa ameushika mkono wangu, ameubana, meno ameyauma. Wanawake wa kwaya walipopanda kunichukua, ilibidi wamfungue kidole kimoja kimoja.

"Niacheni naye!" alikuwa anasema. "Niacheni naye, mimi ni mkunga, najua mtu mgonjwa na mtu mzima!"

Hakuna aliyemsikiliza. Mama wa muuaji naye asikilizwe kwa lipi?

Niliwekwa kiti cha nyuma cha gari la shemeji, mama mkwe ubavuni mwangu. Alikuwa hanitazami.

"Tunaenda nyumbani?" nikauliza.

"Tunapita mahali kidogo, shemeji. Wameshatuandalia nafasi."

Wameshatuandalia. Ndipo nikaikumbuka simu ya mchungaji. Shemeji alishaambiwa tangu siku ile nilipotoka ofisini kwao. Machozi alikuja nayo, gari aliliegesha mlangoni, na hospitali ilishajulishwa. Mimi nilidhani ninamvamia, kumbe ninamfuata.

Sikupiga kelele. Nilimwuliza tu, kwa upole kama ninavyomwuliza mteja kipimo cha mkono.

"Alikuita?"

Akabadilisha gia.

"Spoki anasema alikuwa anakuita. Mdogo wangu, mdogo wangu. Ulimsikia?"

"Nyamaza, shemeji."

"Nauliza tu."

"Nyamaza, tafadhali!" Gari likayumba. Shingo yake yote ilikuwa imelowa. Mama mkwe akaziba mdomo kwa kiganja.

Hospitali ya wagonjwa wa akili iko nje ya mji, mahali pa wazi, ukuta mrefu na bustani isiyo na mtu. Tulipokelewa na daktari, mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Shemeji alianza kueleza. Akaeleza vizuri, kwa mpangilio, na kwa huruma. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asante," akamwambia. "Sasa nitamsikia mwenyewe."

Akanigeukia. "Dada, mimi nitakuuliza swali moja tu, na sina haraka. Unaamini nani alisababisha kifo cha mume wako?"

Nikauona mtego.

Nikisema ninavyojua, nimejiandikia kitanda kwa mdomo wangu, na wanangu wanabaki mikononi mwa mtu yule. Nikisema nimekosea, nilichanganyikiwa, ni huzuni tu, jioni niko nyumbani nawapikia wanangu. Na Spoki anazeekea nyuma ya ule wavu.

Shemeji alikuwa ananitazama. Sikuona chuki machoni mwake. Alikuwa ananiomba. Sema umekosea, macho yake yalisema. Sema tu, tuondoke wote hapa.

Nilimfikiria yule aliyeuliza kama mtoto ametoka.

"Alisababisha huyu hapa," nikamwambia daktari. "Alikuwa na ufunguo, akaogopa kufungua. Sisemi alimchukia kaka yake. Nasema aliogopa, halafu akamfunga mtu mwingine kwa woga wake."

Shemeji akafumba macho. "Umesikia, daktari," akasema kwa uchovu. "Ndivyo anavyosema kila siku."

Daktari akachukua kalamu.

"Daktari."

Alikuwa mama mkwe. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba magotini, kama abiria. Hakuna aliyekuwa anamwangalia.

"Naam, mama?"

"Hicho kitanda unachomwandikia, niandikie na mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Ugonjwa huo na mimi ninao. Anayoyasema yeye, na mimi naamini hivyo hivyo."

Kalamu ya daktari ikabaki hewani.

"Mama," shemeji akasema. Akacheka kicheko kifupi, kikakatika. "Mama, umesema nini?"

"Nimechoka, mwanangu." Hakuinua sauti. "Nilisema nikinyamaza nitabaki na wewe. Sikubaki na wewe. Aliyebaki nyumbani kwangu simjui."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamgeukia shemeji, akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Bwana," akasema, "naomba ukae."

Shemeji alikuwa ameshasimama. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Kisha akageuka akatoka. Hakukimbia. Tulisikia hatua zake kwenye sakafu ya korido, halafu mlango wa gari.

Nilikimbilia dirishani. Gari lilipita geti, likafika barabarani, likasimama.

Kulia ni mjini, kule walikokuwa bado wanamngoja afunge mkutano kwa wimbo. Kushoto hakuna kitu, isipokuwa mashamba na, mbele kabisa, gereza. Na kule gerezani yeye si mgeni. Kwaya yake huimbia wafungwa, askari humfungulia lango wakicheka naye, hawamkagui.

Gari lilisimama pale muda mrefu mpaka nikadhani limezimika.

Likakata kushoto.

"Anakwenda kumtoa," mama mkwe akasema nyuma yangu. "Umeona? Anakwenda kusema ukweli, wamtoe mtoto wa watu."

Nilitaka kumwamini. Nilimshika mkono ili nimwamini. Lakini aliyemwona siku ile na mkono mfukoni ni mmoja tu, naye yuko kule gerezani, na daktari alikuwa ameshanyanyua simu, anamwuliza mtu wa mapokezi kwa ile sauti yake ya chini, "Nipe namba ya gereza. Haraka."

Simu ya gereza iliita. Ikaita tena. Hakuna aliyeipokea.